Mwalimu wa Kongwa anauliza: kwa nini hatari ya jiwe la 2032 ilipanda kwanza ndipo ikafutika?

Mwalimu mmoja wa Fizikia wa sekondari, wilayani Kongwa, ameniandikia hivi:

"Habari za kazi, Mtaalamu. Mwaka 2025 tuliambiwa kuna jiwe la angani linaweza kuigonga Dunia mwaka 2032, na Afrika imo kwenye njia yake. Ikaanza asilimia 1, ikawa 2, ikafika 3, halafu ndani ya siku chache tukaambiwa hakuna hatari. Kwenye kundi letu la walimu wapo wanaosema wakubwa wameamua kutuficha ili watu wasitaharuki. Mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili akaniuliza kuna haja gani ya kusoma kama 2032 tunakwisha. Sasa nasikia lipo jingine, Apophis, mwaka 2029. Naomba unifafanulie hizi namba zinatoka wapi, na sisi tuamini lipi?"

Mwalimu, nianze na huyo mtoto, maana swali lake ndilo lililonigusa zaidi. Mwambie asome. Jiwe lile, ambalo jina lake rasmi ni 2024 YR4, halitaigonga Dunia mwaka 2032. Hata siku namba ilipokuwa juu kuliko zote, tarehe 18 Februari 2025, ilikuwa asilimia 3.1, yaani asilimia karibu 97 zilikuwa upande wetu. Kuhusu Afrika kuwa njiani, ukanda ambao jiwe lingeweza kuangukia ulianza Pasifiki ya mashariki, ukakata kaskazini mwa Amerika Kusini, ukavuka Atlantiki, ukapita nchi kama Nigeria, Sudan na Ethiopia, ukaendelea hadi kusini mwa Asia. Kongwa, Dodoma na Tanzania yetu zilibaki kusini mwa ukanda huo. Hili halikusemwa vya kutosha katika taarifa zilizosambaa huku kwetu, na ndiyo maana "Afrika" ikasomeka kama "nyumbani kwako".

Swali lako wewe lina uzito wake, na ndilo ninalotaka kukaa nalo. Wenzako wameona jambo la kweli: namba ilipanda, ikapanda tena, kisha ikaporomoka. Mwishoni mwa Januari 2025 ilivuka asilimia 1. Tarehe 7 Februari ilikuwa 2.3. Tarehe 18 ikafika 3.1. Kesho yake 1.5. Tarehe 20 ikawa 0.28. Kufikia tarehe 24 ilikuwa 0.004. Mtu asiyejua hesabu iliyo nyuma yake ana haki ya kushuku. Lakini mwenendo huo ndio hasa unaotarajiwa pale jiwe linapopita pembeni na watu wanaolipima wanafanya kazi yao sawasawa.

Tuanze na kile darubini inachokiona. Ni nukta. Hakuna sura wala umbo, ni nukta hafifu ya mwanga inayohama kidogo kati ya nyota zisizohama. Darubini hupiga picha sehemu ileile ya anga mara kadhaa katika muda wa kama saa moja, kompyuta inalinganisha picha hizo, na kile kilichosogea kinapimwa mahali pake dhidi ya nyota ambazo tunazijua zilipo kwa usahihi mkubwa. Kipimo hicho kinakupa upande tu. Hakikwambii jiwe liko umbali gani, wala kama linakuja au linakwenda. Kwa hiyo ukiwa na vipimo vya usiku mmoja au miwili, ziko njia nyingi sana kulizunguka Jua zinazopatana na nukta zako zote, na kompyuta inapaswa kuzibeba zote hadi 2032.

YR4 iligunduliwa tarehe 27 Desemba 2024 na kituo cha ATLAS, mradi wa kusaka mawe ya angani, huko Río Hurtado, Chile. Lilikuwa limeshatupita siku mbili kabla, kwa umbali wa kilomita 829,000 hivi, na lilikuwa linatukimbia na kufifia. Wataalamu walikuwa na kipande kifupi tu cha njia yake, na kutokana na kipande hicho walitakiwa kusema litakuwa wapi miaka minane baadaye. Kosa dogo kabisa la leo, likibebwa miaka minane, linakuwa mamia ya maelfu ya kilomita.

Sasa chukua chaki, Mwalimu, hesabu hii inafaa hata Kidato cha Pili. Dunia ina kipenyo cha kilomita 12,700 hivi. Tuseme vipimo vya mwanzo vinakwambia kwamba siku ya 22 Desemba 2032 jiwe litapita mahali fulani ndani ya mstari wenye urefu wa kilomita 1,270,000, na Dunia imo ndani ya mstari huo. Gawanya 12,700 kwa 1,270,000, unapata asilimia 1. Wiki inayofuata darubini zimepima zaidi, mstari umefupika hadi kilomita 635,000, na Dunia bado imo. Asilimia 2. Unafupika tena hadi 420,000, Dunia bado imo. Asilimia 3. Jiwe halijabadili njia hata kidogo, na Dunia haijanenepa. Kilichopungua ni kutojua kwetu. Kisha inakuja siku mstari unafupika mpaka ncha yake inaiacha Dunia nje, na siku hiyo namba inaanguka karibu na sifuri kwa kishindo. Nimerahisisha: kwa kweli katikati ya mstari huwa na uzito zaidi kuliko kingo zake, na mvutano wa Dunia huongeza kidogo ukubwa wa shabaha. Ila umbo la jambo ni hilo.

Kwa wale walimu wenzako wa masomo mengine, waambie wafikirie sinia lenye karanga 100, moja ikiwa mbovu, na hujui ni ipi. Ukichambua na kutoa 60 nzima, ile mbovu sasa ni moja kati ya 40. Hatari ya kuokota mbovu imepanda, ingawa hakuna karanga iliyoharibika zaidi.

Jambo hili halikuanza na YR4, na hapa ndipo Apophis inapoingia. Iligunduliwa tarehe 19 Juni 2004 kutoka Kitt Peak, Arizona, ikapotea, ikaonekana tena mwezi Desemba. Tarehe 24 Desemba uwezekano wa kuigonga Dunia mwaka 2029 ulikuwa asilimia 1.6. Tarehe 27 ulifika 2.7. Kwenye Kipimo cha Torino, ambacho kinakwenda kutoka 0 hadi 10 kikichanganya uwezekano na ukubwa wa madhara, Apophis ilipewa 4, na mpaka leo hakuna nyingine iliyowahi kufika hapo. YR4 iliishia 3. Siku ileile ya 27 Desemba, watu waliokuwa wakipekua picha za zamani waliikuta Apophis kwenye picha za mwezi Machi mwaka huo, nukta ambayo hakuna aliyeiona wakati zinapigwa. Kipande cha njia kikarefuka kwa miezi, na hatari ya 2029 ikafutika. Dunia haikuisikia habari hiyo vizuri, kwa kuwa siku moja kabla tsunami ilikuwa imeipiga Bahari ya Hindi, hadi pwani yetu ikaua watu. Baadaye, Machi 2021, rada ya Goldstone ya California iliipima Apophis kwa usahihi mkubwa, na tangu hapo tunajua haitatugonga kwa angalau miaka 100.

Kuhusu kufichwa nitajibu waziwazi, kwa sababu naona hofu hii inaumiza watu. Vipimo vyote vya asteroidi, yaani mawe haya ya angani, kutoka darubini yoyote ile duniani, vinatumwa Minor Planet Center iliyoko Cambridge, Massachusetts, na pale vinawekwa hadharani. Makundi matatu yanachukua vipimo hivyohivyo na kukokotoa hatari kila moja kivyake: kitengo cha NASA huko California, kituo cha Shirika la Anga la Ulaya kilichoko Frascati nchini Italia, na kundi la NEODyS lililoanzia Chuo Kikuu cha Pisa. Wakipishana, inaonekana. Juu ya hao wapo mamia ya watu wenye darubini zao binafsi nyuma ya nyumba zao, Brazil, Japani, Afrika Kusini, ambao hawalipwi na serikali yoyote na wana uwezo wa kupima na kukokotoa wenyewe. Mtu anayetaka kuficha asteroidi angelazimika kuwafunga midomo wote hao na kuliziba anga. Zaidi ya hayo, kama nia ingekuwa kuficha, asilimia 3.1 isingetangazwa kamwe. Ilitangazwa kwa sababu ipo taratibu ya kimataifa: mtandao wa IAWN, wa kutahadharisha kuhusu asteroidi, uliotokana na makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013, hutoa taarifa rasmi pale jiwe la zaidi ya mita 10 linapofikia uwezekano wa asilimia 1. Tulichokiona ni taratibu hiyo ikifanya kazi. Ninachoweza kulaumu ni kwamba taarifa ya kupanda ilifika kila simu, na ya kushuka haikufika.

Kinachostahili wasiwasi ni mawe ambayo bado hatujayaona. Tumeshaorodhesha asteroidi zaidi ya 40,000 zinazokaribia njia ya Dunia. Zile za kilomita moja na zaidi, ambazo zingeidhuru dunia nzima, tumepata zaidi ya asilimia 95, na hakuna kati ya hizo iliyo kwenye njia ya kutugonga katika karne hii. Za mita 140 na zaidi, zenye uwezo wa kufuta mkoa mzima, zinakadiriwa kuwa kama 25,000, na hatujafikia hata nusu. Bunge la Marekani liliiagiza NASA mwaka 2005 ipate asilimia 90 ya hizo kufikia mwaka 2020, na lengo halikufikiwa. Za ukubwa wa YR4, mita 60 hivi, tumeona sehemu ndogo tu. Darubini hazioni mchana, hazioni kupitia mawingu, na hazioni vizuri upande wa Jua. YR4 ilitujia kutoka upande wa mchana na tukaiona inaondoka. Lile la Chelyabinsk nchini Urusi lilitokea upande huohuo.

Hilo la Chelyabinsk nakuomba ulifundishe. Tarehe 15 Februari 2013, jiwe la mita 20 hivi liliingia angani asubuhi na kupasuka kwenye kimo cha kilomita 30 juu ya ardhi. Mwanga wake ulizidi wa Jua. Watu wakakimbilia madirishani kutazama. Mwanga unafika papo hapo, lakini wimbi la mshtuko linasafiri takriban kwa kasi ya sauti, kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 30 zinalichukua karibu dakika moja na nusu. Wimbi likawakuta pale pale kwenye vioo. Watu wapatao 1,500 walitafuta matibabu, wengi wao wakiwa wamekatwa na vioo. Ukipita Mji wa Serikali wa Mtumba leo, au ukiangalia maghorofa yanayoota katikati ya Dodoma, kuta nzima ni za vioo. Kwa hiyo somo ni hili: ukiona mmweko mkali usioelezeka angani, usiende dirishani. Ondoka kwenye kioo, lala chini, funika kichwa, hesabu dakika tatu. Hakuna kipimo wala taasisi inayohitajika kwa hilo, na mtoto wa darasa la tatu analiweza.

Afrika nayo ina historia yake hapa, na nasikitika haifundishwi. Tarehe 6 Oktoba 2008 darubini ya mradi wa Catalina, Arizona, iliona jiwe la mita 4 hivi. Saa 19 baadaye, alfajiri ya tarehe 7, lilipasuka juu ya Jangwa la Nubia kaskazini mwa Sudan, mahali na wakati uleule uliokuwa umetabiriwa. Ilikuwa mara ya kwanza binadamu kuliona jiwe angani kabla halijaanguka na kulifuata hadi chini. Na walioliokota walikuwa wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum, chini ya Muawia Shaddad pamoja na Peter Jenniskens aliyetoka Marekani. Walijipanga mstari mrefu na kutembea jangwani kwa miguu, macho chini, wakatoa vipande vyeusi kwenye mchanga. Juni 2018 ikawa hivyo tena Botswana: jiwe likaonekana saa chache kabla, na vipande vyake vikapatikana katika hifadhi ya Kalahari ya Kati. Na sisi wenyewe tuna Kimondo cha Mbozi mkoani Songwe, tani zipatazo 16, chuma kwa kiasi cha asilimia 90. Ukiwahi kuwapeleka wanafunzi, waambie waguse upande wa chini uliochimbuliwa na kulinganisha na wa juu. Kitabu hakiwezi kumpa mtoto uzito ule.

Swali ambalo hukuliuliza lakini litakuja darasani: je, likija la kweli, tunafanya nini? Jibu limeshajaribiwa. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha NASA kiitwacho DART kililigonga kwa makusudi jiwe la Dimorphos, lenye upana wa mita 160 hivi, kwa kasi ya kilomita 6 kwa sekunde. Dimorphos huzunguka jiwe kubwa zaidi, na mzunguko wake uliokuwa wa saa 11 na dakika 55 ukapungua kwa dakika kama 33. Halikuwa na hatari yoyote kwetu, lilichaguliwa kwa majaribio. Siri yote iko kwenye muda. Jiwe likisukumwa hata sentimita 1 tu kwa sekunde, baada ya miaka 10 linakuwa limeachana na mahali lilipotarajiwa kwa zaidi ya kilomita 3,000. Mara mbili au tatu ya hiyo, limeikosa Dunia. Ukigundua mwezi mmoja kabla, msukumo huo hausaidii kitu, na kinachobaki ni kuhamisha watu. Ndiyo sababu nasema fedha za darubini zina thamani kuliko fedha za roketi: usichokiona huwezi kukisukuma.

Kuhusu kipimo cha wasiwasi, nitasema nionavyo mimi. Jiwe kama lililoangusha miti ya Tunguska, Siberia, tarehe 30 Juni 1908, kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000, huja mara moja kwa karne kadhaa kwa Dunia nzima, na sehemu kubwa ya Dunia ni bahari. Katika kanda yetu, maporomoko ya Hanang ya Desemba 2023 yaliua zaidi ya watu 80. Mto Mkondoa umeibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe mara nyingi. Dodoma iko kwenye tawi la Bonde la Ufa na ardhi yetu hutikisika. Mzazi mwenye hofu ya 2032 akitumia nguvu hiyo kukagua mto ulio karibu na shule ya mwanawe, atakuwa ameitumia vizuri zaidi.

Apophis usiiache ipite bila wanafunzi wako kuiona. Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029 kuamkia Jumamosi, itapita chini ya kilomita 32,000 kutoka uso wa Dunia, karibu kuliko setilaiti zinazorusha matangazo ya ving'amuzi vyetu, ambazo ziko kilomita 36,000 hivi. Jiwe lenye upana wa zaidi ya mita 300, na litaonekana kwa macho matupu. Afrika, Ulaya na magharibi mwa Asia ndiko kutakuwa na nafasi nzuri. Jioni ile litakuwa linavuka kutoka upande wa Bahari ya Hindi kuelekea magharibi, na litatukaribia zaidi kuliko wakati wote mnamo saa 7 kasorobo usiku kwa saa zetu, wakati huo likiwa juu ya Atlantiki. Usiwaahidi watoto moto angani. Litakuwa kama nyota ya wastani, ila inayotembea: ukiitazama dakika kadhaa dhidi ya nyota za jirani, utaona imehama. Mwezi utakuwa ndio unaandama, kwa hiyo hakuna mbalamwezi ya kusumbua. Tatizo letu ni mawingu, kwa kuwa katikati ya Aprili mvua za kanda ya kati zinaelekea kwisha lakini huwa hazijaisha kabisa. Uwe na sehemu mbili ulizochagua, mojawapo mbali na taa za mji, ukiangalia anga mchana wa siku hiyo ndipo uamue. Kongwa yenyewe ina giza zuri kuliko Dodoma mjini.

Kabla ya hapo, kama shule yako ina kompyuta moja na intaneti inayokubali, andikisha kikundi kwenye International Astronomical Search Collaboration. Ni bure. Wanawatumia walimu na wanafunzi picha halisi za darubini ya Pan-STARRS iliyoko Hawaii, pamoja na programu ya kuzilinganisha, na watoto wanatafuta nukta zinazosogea. Wakipata, vipimo vyao vinapelekwa Minor Planet Center, kwenye hazina ileile iliyotumika kuifuta hatari ya YR4. Anza na huyo wa Kidato cha Pili. Ukikwama kwenye kuandikisha au programu ikigoma, niandikie tena, tutaipitia pamoja hatua kwa hatua.